Mwenye Mvi Kwenye Foleni ya Sinema

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nijibu hoja iliyotolewa hapa wiki mbili zilizopita na msomaji mwenzangu, aliyeeleza kwamba alimpeleka mwanawe sinema akashangaa kumkuta kwenye foleni ya tiketi za filamu ya mashujaa wenye nguvu za ajabu mzee mwenye mvi, asiye na mtoto wala mjukuu aliyemshika mkono. Msomaji huyo alisema alimwonea huruma mzee yule, kisha akauliza Watanzania wa umri huo watakua lini. Sidai kwamba mzee aliyemwona ni mimi, kwa kuwa hakutaja siku wala ukumbi. Hata hivyo nina umri wa miaka 59, mvi ninazo za kutosha, na huwa nakwenda Mlimani City peke yangu jioni za katikati ya wiki, wakati ukumbi una watu wachache na hakuna wa kunipigia kelele za bisi sikioni. Kwa hiyo nimeipokea barua ile kama iliyoandikiwa mimi, na ningependa kuijibu bila hasira.

Nianze na mahali mapenzi haya yalipotoka, maana msomaji yule anaamini ni ugonjwa ulioletwa juzi na simu na ving'amuzi. Nimezaliwa Dar es Salaam mwaka 1966 na kukulia Magomeni. Kijana wa leo haamini kirahisi kwamba tulikua bila televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini sisi wa Bara tulisubiri hadi mwaka 1994, na wakati huo mimi nilikwishaoa na kupata mtoto. Tulichokuwa nacho ni majumba ya sinema: Empire, Avalon, Odeon, Cameo, Empress, New Chox, na lile la wenye magari kule Msasani, ambalo sisi watoto wa watembea kwa miguu tulilitazama tukiwa juu ya miti, nje ya ukuta, picha tukiiona na sauti tukijitungia wenyewe. Kiwanja kile leo ndipo ulipo Ubalozi wa Marekani. Kila nipitapo pale hucheka peke yangu, kwa sababu Mmarekani wa kwanza niliyemfahamu vizuri alikuwa amevaa joho jekundu na chupi juu ya suruali.

Kabla ya huyo alikuwapo Mwafrika. Kaka yangu alikuwa na rundo la yale magazeti ya hadithi za picha za mnato yaliyotolewa na kampuni ya Drum, yenye mpelelezi aitwaye Lance Spearman, mwenye kofia na sigara kubwa, aliyewatandika wahalifu pasipo suti yake kukunjika hata upindo. Spearman hakuruka angani wala hakupita ukutani, lakini ndiye aliyenifundisha sheria ambayo kila mtoto wa Magomeni aliijua kabla ya jedwali la kuzidisha: staringi hafi. Unaweza kumfunga kamba, kumtosa mtoni, kumfungia chumbani na nyoka, ila mwisho wa hadithi atasimama na kuweka kofia yake sawa. Niliishi na imani hiyo kwa miaka mingi kuliko inavyofaa, na ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika barua hii, kama nitakavyoeleza mbele.

Nilipoitazama filamu ya Superman, ile ya mwaka 1978 ambayo Christopher Reeve aliigiza, ilikuwa imeshazunguka dunia na mkanda wake ulikuwa umechoka, unakatika kila baada ya muda na kutuacha gizani tukipiga miluzi. Nilirudi nyumbani nikamsimulia marehemu mama. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele, kisha akauliza swali moja: huyo mwenye nguvu zote hizo, mchana anafanya kazi gani? Nikamjibu kwamba ameajiriwa gazetini. Mama akasema basi ana akili, maana kuruka hakulipi kodi ya nyumba. Baadaye nilipompata Spider-Man na kujaribu kumtafsiria jina lake kwa Kiswahili, mambo yaliharibika kabisa. Nilisema ni Mtu wa Buibui, naye akamwelewa kuwa mwanamume anayezunguka mji usiku akiwa amejifunika buibui, akaniuliza kwa nini polisi hawamkamati. Nilichukua muda kumweleza kwamba polisi nao walikuwa wakijaribu.

Spider-Man nilimpata mwaka 1983, nikiwa kidato cha tatu. Ndio mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu wakitupa sabuni na vitenge usiku ili wasikutwe navyo, na hata muuzaji wa vitabu vilivyotumika, aliyepanga bidhaa zake kando ya barabara ambayo leo tunaiita Samora, aliona heri afunike kwa gunia kila chenye sura ya ugeni. Alinifunulia pembe ya gunia kama mtu anayeuza dhahabu. Ndani mlikuwa na vitabu vya katuni vitano au sita, vimelowana na kukauka, na kimoja hakikuwa na jalada la nyuma wala kurasa za mwisho. Nilichukua hicho kwa sababu ndicho kilichokuwa rahisi. Nilimpa sarafu ya shilingi tano, tuliyoiita dala, ambayo ndiyo ilikuwa nauli ya yale mabasi ya watu binafsi yaliyoruhusiwa rasmi mwaka huohuo, nikarudi Magomeni kwa miguu nikisoma njiani na kugongana na watu.

Sasa nizungumzie kazi yangu, kwa sababu msomaji yule alidokeza kwamba watu wa aina yetu hawana shughuli. Mimi ni mchora ramani. Nilisoma Chuo cha Ardhi, ambacho siku hizi ni Chuo Kikuu Ardhi, enzi ambazo ramani ya viwanja ilichorwa kwa kalamu ya wino yenye ncha ya chuma nyembamba kama unywele, juu ya karatasi inayopitisha mwanga, na ukikosea ulikwangua wino kwa wembe, taratibu, bila kutoboa karatasi. Mtu ulijifunza kubana pumzi ukivuta mstari mrefu. Nakiri kwamba niliingia katika kazi hii kwa sababu ya Steve Ditko, mchoraji aliyemchora Spider-Man kwa mara ya kwanza mwaka 1962 huku hadithi ikiandikwa na Stan Lee. Namwomba msomaji wangu, kabla hajatuonea huruma tena, atafute mchoro mmoja tu wa Ditko autazame kwa dakika tano. Autazame mkono wa Spider-Man anaporusha utando: vidole viwili vya kati vimekunjwa kwenye kiganja, cha shahada na cha mwisho vimenyooka, kifundo kimepinda kama cha mcheza ngoma. Kisha aitazame suti, namna nyuzi za utando zinavyoanzia katikati ya uso na kutandazika hadi mabegani, kila uzi ukiufuata mwili uliomo ndani. Yote yalichorwa na mtu aliyeinamia meza, kwa wino, sanduku baada ya sanduku (yaani vile vyumba vya picha vinavyogawa ukurasa), ukurasa baada ya ukurasa, mwezi baada ya mwezi. Nilipokuwa mwanafunzi niliwaza kwamba kama mtu anaweza kuvumilia kuchora nyuzi zote zile kwa ajili ya kitabu cha senti chache, mimi nitashindwaje kuchora viwanja vya watu watakaojenga na kuishi humo?

Katika upimaji wa ardhi tuna kitu kiitwacho bikoni, yaani nondo iliyozikwa katika zege kuonyesha pembe ya kiwanja. Nyumba hujengwa na kubomolewa, ua wa michongoma hutambaa kidogo kidogo kuelekea kwa jirani, mwembe uliotajwa kwenye hati ya zamani huanguka, na watu wakigombana mpimaji huenda kuitafuta bikoni chini ya takataka na mchanga. Kwa kuwa yenyewe haijasogea, anajua vingine vimesogea kiasi gani. Mashujaa hawa, kwangu mimi, wamekuwa bikoni. Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man akivua barakoa, alianza akiwa mwanafunzi wa miaka 15, na katika kitabu changu cha gunia alikwishafika chuo kikuu. Nilipokutana naye nilimwona kama kaka. Nilipoajiriwa tukawa rika. Nilipopata mtoto wa pili nikaanza kumwona kama mdogo wangu asiyejua kupanga matumizi, na leo namtazama kama mwanangu wa mwisho, ambaye ningependa kumwambia ale kwanza kabla hajatoka usiku. Yeye yuko palepale. Nimegundua umri wangu kwa kupima umbali nilioachana naye, na kipimo hicho kimekuwa sahihi kuliko vioo na hata kuliko magoti, ingawa magoti nayo yameanza kutoa taarifa zake kila asubuhi.

Hata watu ninaowafuatilia katika hadithi wamebadilika. Zamani nilipofika kwenye masanduku ya May, yule mama mwenye mvi aliyemlea Peter, niliyaruka ili nifike kwenye mapigano. (Wafasiri humwita shangazi, lakini mimi nasema wanakosea: mume wake, Ben, alikuwa kaka mkubwa wa baba yake Peter, kwa hiyo kwa ukoo wetu huyo ni mama mkubwa, na ukishamwita hivyo unaelewa mara moja kwa nini kijana hawezi kuhama nyumba ile hivi hivi.) Sasa masanduku ya mama mkubwa ndiyo ninayosoma polepole. Anahesabu fedha za dawa. Anamsubiri kijana ambaye amesema atarudi saa mbili, na sasa ni saa sita. Chakula kimefunikwa mezani. Nimewahi kuwa kijana yule na mama yangu akawa ndiye anayesubiri, kisha nikawa mimi ninayekaa sebuleni na taa imezimwa nikijifanya sisubiri mtu, mpaka nisikie geti. Hakuna hadithi nyingine niliyoisoma ujanani ambayo imeniwekea nafasi ya kukaa kwa kila umri niliopitia.

Msomaji yule aliandika kwamba hadithi hizi zinamfanya mtu aikimbie dunia yake. Sielewi alisoma zipi. Mashujaa ninaowapenda wana shida ambazo mimi na yeye tunazijua kwa majina. Peter alishona suti yake mwenyewe, usiku, kwa siri, na ikichanika hana fundi wa kumpelekea. Kodi humpiga chenga kila mwezi. Huchelewa darasani, huchelewa kazini, huchelewa kwa mchumba, na kila mara ana sababu nzuri asiyoweza kuitaja. Riziki yake ni kuuza picha zake mwenyewe kwa mwenye gazeti aitwaye Jameson, ambaye humlipa kiduchu, kisha huzichapisha picha hizohizo chini ya vichwa vya habari vinavyomtukana yuleyule aliyezileta. (Mhariri, usichukie, nimeona ni haki uambiwe kwamba katika hadithi hizi ninyi pia mmo.) Niliwahi kusimama Ubungo saa mbili usiku, mvua ya masika imenipiga kuanzia kichwani, daladala zinapita zimejaa, bahasha ya ramani nimeificha ndani ya shati, na nikajikuta nacheka kwa kukumbuka Spider-Man akiwa ameketi juu ya paa, amelowa, akitafuta namna ya kufika nyumbani kabla mama mkubwa hajaamka. Sikuikimbia dunia yangu jioni ile. Nilikuwa nimesimama ndani yake hadi vifundoni.

Kuhusu uzee wenyewe, nimejifunza zaidi kwa waliowatunga mashujaa hawa kuliko kwa mashujaa wenyewe. Superman alibuniwa na vijana wawili wa Cleveland huko Marekani, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora, na alipotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1938 walikuwa wameuza haki zote kwa dola 130. Shujaa alitajirisha wengine. Kufikia miaka ya 1970 Siegel alikuwa karani, na macho ya Shuster yalikuwa yameharibika kiasi kwamba mkono uliomchora mtu mwenye uwezo wa kuona kupitia ukuta haukuweza tena kuchora kwa kuwa mwenyewe haoni. Ni mwaka 1975, filamu ile kubwa ikiwa katika maandalizi na wachoraji wenzao wakipiga kelele magazetini, ndipo kampuni yenye haki ilipokubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao kwenye kazi yao. Mimi nitatimiza miaka 60 mwakani, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, na ofisini kwetu hakuna chai inayonywewa bila neno kikokotoo, yaani ile kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, kutajwa. Nisamehewe basi ikiwa habari ya Siegel na Shuster inanigusa kuliko ile ya sayari ya Superman iliyolipuka. Nilibadilisha miwani mara mbili katika miaka minne. Ramani sasa zinachorwa kwa kompyuta, na vijana huniita nikague tu, kwa heshima, huku wakiwa wamekuza maandishi kwenye kioo kabla sijafika. Hawajasema kitu, nami sijasema kitu.

Christopher Reeve naye alianguka kutoka juu ya farasi mwezi Mei 1995, akapooza kuanzia shingoni, na akafariki mwaka 2004 akiwa na miaka 52. Nimeshampita kwa miaka saba.

Kuna watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya Wazungu, na msomaji yule alilipitia hilo kwa sentensi moja. Nitalipitia kwa chache zaidi. Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum walibuni mwanamke mwenye kuamuru mvua na radi, aitwaye Storm, mama yake akiwa binti wa kifalme wa Kenya, na tunakutana naye hukohuko Kenya, wanakijiji wakimwomba mvua. Jina lake la kuzaliwa ni Ororo. Sina hakika kama watunzi wake walipata kuifungua kamusi ya Kiswahili, lakini sisi tunaijua maana ya ngozi nyororo na sauti nyororo, na nilifurahi sana kugundua kwamba mwenye radi mikononi anaitwa laini. Kisha ikaja filamu ya Black Panther mwaka 2018, ikaonyeshwa Kisumu kwa heshima ya Lupita Nyong'o, na hapa Dar watu wakaenda sinema wamevaa vitenge na kanzu kama wanakwenda harusini. Nami nilikwenda. Nilivaa shati la batiki alilonishonea mke wangu. Watu wa Wakanda, nchi ya kubuniwa ya filamu hiyo, wanasema Kixhosa, na kuna maneno mawili matatu ambayo sikio la Mbantu yeyote linayadaka kabla ya tafsiri. Nilifurahi, ingawa nitasema ukweli kwamba mfalme mwenye mgodi wa madini ya thamani hajawahi kuwa karibu nami kama mpangaji anayedaiwa kodi. Kilichonisogeza karibu naye ni habari ya Agosti 2020, kwamba Chadwick Boseman, aliyemwigiza mfalme huyo, amefariki akiwa na miaka 43, kwa saratani aliyoifahamu tangu mwaka 2016 bila kuitangaza. Mapigano yote yale aliyacheza akiwa mgonjwa. Siku ile niliwaza hadithi zote za mtu mwenye siri chini ya suti, nikaona haya kwa kudhani kwamba nilishazielewa.

Mashabiki wa siku hizi ni watu wengine, na sitaki kuwasema vibaya kwa kuwa ndio wanaonivumilia. Vijana wawili wa ofisini kwetu, wanaoniita Mzee Spaida nisipokuwapo na Mzee nikiwapo, wanajua filamu itakayotoka baada ya miaka miwili, nani ataigiza na nani amefukuzwa. Hubishana kama mashabiki wa Simba na Yanga. Wanaweza kutazama yote katika simu, wakiwa wamelala, na kuruka sehemu za mazungumzo. Mimi nilikuwa na kitabu kimoja kwa miezi minane, na nilikijua hadi doa la chai lililoachwa na mmiliki wa kwanza. Sisemi kwamba njia yangu ilikuwa bora, maana ningekuwa na uwezo wa kupata vyote ningevipata.

Hapa ndipo penye ombi langu kwako, Mhariri, na nadhani ndilo litakalokuwa jibu zuri zaidi kwa msomaji mwenzangu. Magazeti yetu yaliwahi kuwa na watu wa kuchorwa ambao tuliwasubiri. Alikuwapo Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Walikuwapo Ndumilakuwili, Kipepe, Lodi Lofa na Madenge katika jarida la Sani, na katika miaka ya 1980 nakala moja ya jarida hilo ilipita mikono ya mtaa mzima ikarudi kwa mwenyewe imechakaa kama noti ya zamani. Hao hawakuwa na nguvu za ajabu, isipokuwa kama kuishi Dar es Salaam bila kazi na kuendelea kupendeza ni nguvu ya ajabu, na Lodi Lofa angesema ni mojawapo. Leo nafungua magazeti na kukuta katuni moja ya siasa, mara nyingi nzuri, lakini hakuna hadithi inayoendelea wiki hadi wiki, yenye mtu ambaye nitamkuta Jumapili ijayo akiwa na shida aliyoachiwa Jumapili hii. Wachoraji wapo. Nawaona vijana wanaochora kwa ustadi wa kunitia wivu, wakiuza sura za watalii ufukweni kwa kukosa pa kuchapishwa. Nakuomba utenge nusu ukurasa wa toleo la Jumapili kwa hadithi ya kuchorwa ya mfululizo, na umlipe mchoraji zaidi ya Jameson. Mtoto wa miaka kumi atakayeianza mwaka huu, nina imani ataisoma pia akiwa na mvi, na hapo hatakuwepo wa kumwambia kwamba anashabikia mambo ya Cleveland.

Niliahidi kueleza habari ya sheria ya staringi. Kitabu nilichonunua mwaka 1983 nilikuja kujua baadaye sana kuwa ni toleo la 121 la mfululizo wa Spider-Man, la Juni 1973. Adui anamteka Gwen Stacy, mchumba wa Peter, anampandisha juu ya daraja refu na kumsukuma. Anaanguka. Spider-Man anarusha utando, unamnasa mguu kabla hajagusa maji, na yeye juu ya daraja anajipongeza kwa furaha. Ukurasa wangu wa mwisho ulikuwa huo. Zilizofuata zilikuwa zimechanika, na mimi sikuona haja ya kuzitafuta, kwa kuwa sheria niliijua: kama staringi hafi, na mchumba wake anafaje? Karibu na shingo ya Gwen paliandikwa neno dogo sana la kuonyesha mlio, ambalo kwa Kiingereza changu cha kidato cha tatu niliamua kuwa ni mlio wa utando ukivutika. Niliishi na Gwen aliyeokolewa kwa miaka 31. Nilisoma, nikaajiriwa, nikaoa, nikazika wazazi wote wawili, na muda huo wote kulikuwa na msichana mmoja ambaye ameokolewa.

Mwaka 2014 nilikwenda na binti yangu kutazama filamu mpya ya Spider-Man. Gwen akaanguka, utando ukamfuata, nikamgusa binti yangu mkono kumtoa hofu, nikamnong'oneza kwamba anamdaka, mimi naijua hadithi hii. Binti hakunicheka. Tulirudi nyumbani kimya, na usiku nilikitoa kitabu kile kabatini, nikavaa miwani ya kusomea na kuweka taa ya mezani karibu, nikalisoma neno lile dogo upya. Lilikuwa hapo muda wote, karibu na shingo, limeandikwa na mtu aliyejua anachofanya.

Kitabu bado ninacho, na kurasa za mwisho bado sina. Binti yangu aliniambia zinapatikana kwenye intaneti kwa dakika moja, nikamshukuru. Mwezi uliopita mjukuu wangu wa miaka saba, ambaye ameanza kusoma na sasa anasoma kila kitu mpaka maandishi ya mifuko ya saruji, alikikuta mezani akakifungua mwenyewe. Alifika ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye lile neno, akalitamka herufi kwa herufi, kisha akaniuliza, "Babu, hii maana yake nini?"

Nilimwambia ni mlio wa utando ukivutika.

Wako,
Mchora ramani,
Dar es Salaam